Kiinua Mgongo Huisha, Pensheni Hurudi Kila Mwezi

Ndugu zangu wa Maskati, Dubai na Doha, nawaandikia kutoka Norsborg, kituo cha mwisho cha treni ya chini ya ardhi, kusini-magharibi ya Stockholm. Nina miaka 75, karani mstaafu. Kila nikipigiwa simu na jamaa wa huko Ghuba, swali ni lile lile: uzeeni tutakula nini?

Mama yangu, Tanga, aliweka akiba kwa njia tatu: bangili za dhahabu, upatu wa kina mama wa mtaani, na sisi watoto. Bangili ziliuzwa moja moja wakati wa maradhi, na sisi tukamtunza hadi mwisho.

Mimi nilisoma shule ya misheni, nikafundishwa kuweka hesabu za watu. Zangu sikuziweka. Mshahara wangu ulikatwa kuingia mfuko wa akiba wa taifa, ulioanzishwa 1964, ambao ulilipa kwa mkupuo. Nilipohama mwaka 1991 nilichukua changu chote: nauli, harusi ya mdogo wangu, mabati ya nyumba ya mama. Mwaka haukwisha, fedha zikaisha.

Sweden hesabu ni nyingine. Katika kila krona 100 za mshahara unaohesabiwa, 18.5 ni za pensheni. Kati ya hizo, 16 huwalipa wazee wa leo, na mfanyakazi huandikiwa haki yake ya kesho. Zile 2.5 huwekezwa kwenye mifuko anayoweza kuichagua mwenyewe. Mwenye pensheni ndogo huongezewa pensheni ya dhamana, lakini kuipata kamili ni lazima uwe umeishi nchini miaka 40. Mimi nilipotimiza 65 nilikuwa na miaka 24 tu, basi nyongeza yangu ni sehemu 24 kati ya 40. Silali njaa, ila hutazama bei kabla ya kununua samaki.

Mjukuu wangu, muuguzi msaidizi wa miaka 23, kila mwaka hupata ile bahasha ya rangi ya chungwa, siku hizi kwenye simu, ikimwonyesha alichokwisha kuandikiwa. Aliniuliza, "Babu, hizi 16 zangu zinakwenda wapi?" Nikamjibu, "Zinakuja kwangu." Tukacheka, lakini ndiyo kweli. Mama alitunzwa na watoto wake. Mimi natunzwa na watoto wa nchi nzima.

Sasa nyinyi. Tangu 2024, raia wa Oman aliyetimiza miaka 60 hupata riali 115 kila mwezi. Mgeni hayumo. Falme za Kiarabu, mgeni hutegemea kiinua mgongo: mshahara wa msingi wa siku 21 kwa kila mwaka katika miaka mitano ya mwanzo, kisha siku 30 kwa kila mwaka unaofuata. Huo ni mkupuo kama wangu, na mkupuo ukifika, jamaa wote hupata shida siku hiyo hiyo.

Basi kabla haujafika, chukueni kalamu. Gawanyeni fedha hizo kwa 240, yaani miezi ya miaka 20. Jibu mtakaloliona ndilo mshahara wenu wa uzeeni. Likiwa dogo, anzeni kuweka sasa. Hesabu hiyo sikuifanya mwaka 1991, na mimi karani.