Wakikuita Mara ya Tatu!

Ukisikia neno "matroni" unamfikiria nani? Bila shaka yule mama wa bwenini anayewaamsha alfajiri na kukagua vitanda. Lakini hospitalini nako kuna matroni, au patroni akiwa mwanaume. Huyo ndiye mkuu wa wauguzi wote. Chini yake, kila wodi ina kiongozi wake, ambaye wengi humwita inchaji.

Inchaji hupatikanaje? Hapa Tanzania, katika hospitali za serikali mara nyingi huteuliwa miongoni mwa wauguzi waliopo kazini. Lakini baadhi ya hospitali za binafsi na za mashirika ya dini hutangaza nafasi hiyo, watu wanaomba, kisha wanafanyiwa usaili. Tena si mara moja! Unaweza kuitwa mara mbili, hata tatu.

Kwa nini wakusumbue hivyo? Hebu tujifanye aliyeomba ni wewe. Una diploma ya uuguzi, umefanya kazi miaka sita, na leo umeitwa. Kila hospitali ina utaratibu wake, lakini mambo huenda hivi.

RAUNDI YA KWANZA: VYETI NA KALAMU

Kwanza wanatazama vyeti vyako na leseni kutoka Baraza la Uuguzi na Ukunga. Kama leseni imekwisha muda, safari yako imeishia mlangoni.

Kisha unapewa mtihani. Jaribu swali hili: mtoto ana uzito wa kilo 12. Anatakiwa kupewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo. Dawa ya maji iliyopo ina miligramu 120 katika kila mililita 5. Utampa mililita ngapi?

Chukua kalamu, usichungulie jibu! Kilo 12 mara 15 ni miligramu 180. Gawanya kwa 120, zidisha kwa 5. Jibu ni mililita 7.5. Nukta ikikaa pabaya, mtoto anapewa mililita 75, yaani mara kumi ya kipimo chake! Kwa hiyo wewe unayesema "hesabu za nini, mimi nataka uuguzi", pole sana. Inchaji ndiye anayekagua kazi za wenzake. Asipoijua hesabu, nani ataliona kosa?

RAUNDI YA PILI: MBELE YA JOPO

Umepita. Sasa uko mbele ya watu watatu au wanne: matroni, daktari, na ofisa utumishi. Moyo unakwenda mbio na viganja vimeloa jasho. Usiogope, hiyo ni homoni ya adrenalini, ile mliyosoma kwenye Baiolojia. Vuta pumzi taratibu, itoe taratibu, kisha jibu.

Matroni anauliza: "Ni saa mbili usiku. Wodi ina wagonjwa 30 na wauguzi wawili wa zamu. Mmoja anapiga simu kwamba mwanawe ana degedege, hawezi kuja. Kuna mgonjwa anaongezewa damu na mwingine ametoka chumba cha upasuaji sasa hivi. Utafanyaje?"

Wengi hukimbilia kujibu: "Nitampa onyo huyo aliyekosa kazi." Hapo umeshateleza! Jopo linataka kusikia umeanza na wagonjwa. Anayeongezewa damu anahitaji jicho la karibu, hasa dakika 15 za mwanzo, kwani mwili unaweza kuikataa. Aliyetoka upasuaji anaweza kuvuja damu. Hao wawili kwanza. Kisha unamwomba muuguzi wa zamu ya mchana asiondoke, unampigia matroni akutafutie mtu kutoka wodi yenye nafuu, na unaandika kila kitu kwenye kitabu cha ripoti. Mwenzako utamuuliza hali ya mtoto, na mambo ya ruhusa mtayazungumza kesho.

Unaona? Hawakuulizi kupiga sindano. Kupiga sindano wanajua unajua. Wanataka kujua kama ukiwa na mikono michache utajua iende wapi kwanza.

SWALI LINALOWAANGUSHA WENGI

Halafu linakuja swali hili: "Tuambie kosa uliloliwahi kulifanya kazini."

Loo! Utasema nini? Ukisema ukweli, si watakunyima kazi? Basi unajibu kwa kujiamini: "Mimi sijawahi kukosea." Wanajopo wanatazamana.

Fikiria kidogo. Muuguzi mdogo amempa mgonjwa dawa ya kitanda cha jirani. Kama inchaji wake ni mtu wa kujifanya hakosei, au wa kufoka mbele ya watu, yule muuguzi atafanya nini? Atanyamaza. Na wakati amenyamaza, dawa inafanya kazi ndani ya mwili wa mgonjwa. Lakini kama anajua atasikilizwa, atakimbia kusema dakika hiyo hiyo. Mgonjwa atapimwa, daktari ataitwa, pengine maisha yataokolewa. Baadaye ndipo watakaa kutafuta chanzo: je, chupa zinafanana? Je, taa ilikuwa hafifu? Je, alikuwa na uchovu wa zamu mbili mfululizo?

Ndiyo maana jibu zuri ni la kweli: nilikosea hivi, niligundua hivi, nilimwambia fulani, na tangu siku hiyo nafanya hivi. Jopo halitafuti malaika. Linatafuta mtu ambaye wodini kwake kosa halifichwi.

RAUNDI YA TATU: WODINI

Umeitwa tena. Safari hii unatembezwa wodini, unakutana na wauguzi na mganga mfawidhi. Unadhani umeshapata kazi? Bado! Wanaangalia unavyomsalimia mfanya usafi, unavyomtazama mgonjwa, kama umenawa mikono. Nawe tumia macho yako. Glavu zipo? Oksijeni ipo? Uliza maswali. Mishahara na zamu huzungumzwa hapa pia.

JUA HAKI ZAKO

Je, wakikuuliza, "Utaolewa lini?" au "Una mpango wa kuzaa?" Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumbagua mwombaji wa kazi kwa sababu ya jinsia, ndoa, ujauzito, ulemavu au virusi vya UKIMWI. Unaweza kujibu kwa adabu: "Naomba tuzungumzie uwezo wangu wa kazi."

Na mtu akikutaka kimapenzi ili akupe kazi, hiyo ni rushwa ya ngono. Ni kosa kwa mujibu wa sheria ya kuzuia rushwa ya mwaka 2007. Usinyamaze. Namba ya bure ya TAKUKURU ni 113.

UKIKOSA JE?

Wanaweza kuitwa watu watano, na kazi ni ya mmoja. Kukosa kunauma, tusidanganyane. Unaweza kukosa usingizi hata hamu ya kula. Ongea na mtu unayemwamini, kisha uulize kwa upole ulipopungukiwa. Safari nyingine utakwenda unajua.

Wewe uliyeko kidato cha pili, hayo yako mbali? Hapana. Kazana na Baiolojia, Kemia na Fizikia, maana bila hizo chuo cha uuguzi hakikupokei. Na je, wewe ni kiranja? Mwenzako akivunja dirisha la bweni, anakuja kukuambia au anakuficha? Jibu lako ndilo usaili wako wa kwanza.