Kanda Iliyofunga Simu Daraja Mbili

 

Wasomaji wetu watukufu, na hasa nyinyi kina mama walezi wa nyumba, wiki hii tunatoka kidogo katika upepo wa bahari tupande milima ya Gusii, hadi soko la Daraja Mbili mjini Kisii. Yeyote aliyefika huko analijua: soko kubwa la wazi, mikungu ya ndizi imepangwa chini, wimbi na mahindi yakipimwa kwa gorogoro, na marundo ya mitumba ambayo macho hayaoni mwisho wake. Humo ana kibanda chake jamaa yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa bara, anayeuza leso na madira. Wateja wake wengi ni kina mama wasio na fedha taslimu. Huchukua leso leo na kumalizia deni kidogo kidogo.

Mama huyu ana desturi ya kulipiga picha daftari lake la madeni kila jioni na kumtumia bintiye kwa simu, ili daftari likilowa mvua, hesabu isipotee. Na katika simu hiyo hiyo kuna kitu kilicho ghali zaidi ya madeni: sauti za marehemu mama yake, zaidi ya thalathini, akimfundisha dua za asubuhi na jioni na kumuuliza wajukuu wamekula nini.

Siku moja baada ya Isha alifungua programu yake ya ujumbe, ikajifunga yenyewe. Akafungua tena, ikajifunga tena. Alizima simu na kuiwasha, mambo yakawa yale yale. Asubuhi alimpelekea fundi wa simu hapo sokoni. Fundi aliitazama kidogo akasema, "Mama, hii dawa yake ni kufuta kila kitu tuanze upya." Mama akairudisha simu mkobani, akatupigia kwa simu ya jirani, sauti yake imejaa machozi: "Ami, nikifuta, nitamsikia wapi tena mama?"

Tulimwambia asifute kitu. Kisha tukamuuliza swali ambalo jibu lake lilitutia haya. Jambo la mwisho kuingia katika simu kabla ya balaa lilikuwa nini? Akasema ni kanda fupi ya video katika kikundi cha ukoo, yenye maneno chini yake kwamba atakayeituma kwa watu ishirini atapata thawabu kubwa. Kanda hiyo tulikuwa tumeituma sisi. Tuliipokea kwa mtu, hatukuitazama hata mwisho, tukaisukuma mbele.

Mpwa wetu mmoja, kijana anayesomea kompyuta, alitufafanulia kilichotokea, nasi tunakileta kwenu kwa lugha ya soko. Kila faili la picha, sauti au video lina maelezo mwanzoni mwake yanayoiambia programu: mimi ni wa aina hii, ukubwa wangu ni huu, nina vipande kadhaa. Programu husoma maelezo hayo, ikatenga nafasi katika kumbukumbu ya simu, ndipo ikamimina kilichomo. Sasa mfikirie muuza wimbi wa Daraja Mbili anayekuambia, "Gunia hili lina gorogoro tano." Wewe unaleta ndoo ya gorogoro tano na kuanza kumimina bila kupima. Kumbe zilikuwa nane. Ndoo inajaa, wimbi linafurika, linaangukia mahindi ya jirani na kuchanganyika nayo. Ndivyo inavyokuwa ndani ya simu. Faili lililoharibika, au lililoharibiwa kwa makusudi, linasema uongo kuhusu ukubwa wake. Programu isiyopima inaliamini, data inafurika hadi sehemu isiyokuwa yake, na simu huona heri kuifunga programu hiyo. Na kwa kuwa programu hujaribu kuandaa kijipicha cha kanda ile kila inapofunguliwa, basi kila ikifunguliwa huanguka pale pale.

Kasoro za namna hii si ngeni. Mwaka 2015 watafiti wa kampuni ya Zimperium walitangaza kasoro iliyoitwa Stagefright, katika sehemu ya Android inayoshughulikia video. Walikadiria kwamba simu zipatazo milioni 950 zilikuwa hatarini, na kwamba ujumbe mmoja wenye video ungetosha kuleta madhara hata kabla mwenye simu hajaufungua. Kuanzia Agosti mwaka huo Google ilianza kutoa marekebisho ya usalama ya Android kila mwezi. Mnamo Novemba 2019 ikatangazwa kasoro katika WhatsApp, ambapo faili la video la MP4 lililotengenezwa kwa hila lingeweza kuiangusha programu, au kumpa mhalifu njia ya kuendesha amri zake ndani ya simu. Tangazo lilipotoka, marekebisho yalikuwa yamekwisha kutolewa. Aliyesalia na toleo la zamani ndiye aliyebaki na mlango wazi.

Wala si kila mara kuna adui. Mwaka 2020 picha nzuri ya ziwa na milima ya Montana, Marekani, iliziangusha baadhi ya simu za Android kila ilipowekwa kuwa pambo la skrini. Simu ilikuwa na jedwali la mwangaza lenye nafasi 256, zinazohesabiwa kuanzia 0 hadi 255. Rangi za picha ile zilikuwa za mpangilio usio wa kawaida, na hesabu ikavuka 255. Hapakuwa na nafasi ya kuipokea, simu ikawa inajizima na kujiwasha. Mpiga picha hakukusudia ubaya wowote.

Lakini wapo wanaokusudia. Disemba 2021 iliripotiwa kuwa simu za iPhone za watumishi wasiopungua 9 wa Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, waliokuwa Uganda au walioshughulikia mambo ya nchi hiyo jirani yetu, ziliingiliwa kwa programu ya ujasusi ya kampuni ya NSO Group ya Israel. Miezi michache kabla, watafiti wa Citizen Lab wa Chuo Kikuu cha Toronto walikuwa wamegundua mbinu ya programu hiyo: mafaili yaliyojiita picha za GIF ilhali ndani yake yalikuwa kitu kingine. Apple iliuziba mlango huo Septemba 13, 2021. Hatusemi kuwa majasusi wanamtafuta muuza leso. Tunasema kwamba ufa ni ule ule, na simu isiyosasishwa haichagui mgeni.

Turudi Daraja Mbili. Mpwa wetu alimwelekeza binti wa yule mama aiunganishe simu na kompyuta kwa waya, kwani sauti na picha hukaa katika hifadhi ya simu hata programu ikiwa haifunguki. Walinakili kila kitu: kurasa za daftari na sauti zote za marehemu. Baada ya hapo ndipo wakasasisha programu. Ilikuwa haijasasishwa kwa zaidi ya mwaka, maana mama alizima usasishaji ili kuokoa bando, na simu ilikuwa imejaa kanda za watu. Toleo jipya lilifunguka bila tabu. Kanda yetu ya thawabu ilionekana kama kisanduku cheusi kisichochezeka, wakaifuta.

Enyi ndugu zetu, tunajifunza nini? Kwanza, msione usasishaji kuwa ni upotezaji wa bando. Ni fundi anayekuja kuziba ufa. Pili, zimeni upakuaji wa kujiendesha wa video na picha, ili kila kinachoingia kiingie kwa idhini yenu. Tatu, mnakili mahali pa pili kila kilicho adhimu kwenu: madeni ya watu, ambayo ni haki za waja, na sauti za wazazi, ambazo hazinunuliki. Nne, fundi akisema "tufute yote," mwambieni anakili kwanza.

La tano ni letu zaidi kuliko lenu. Suratul Hujurat, katika aya ya 6, inatufunza kuhakikisha habari tusije tukawadhuru watu kwa ujinga wetu. Tumeifundisha aya hiyo madrasani miaka mingi, tukidhani inahusu maneno ya ulimi peke yake. Programu ile iliamini faili bila kupima, ikaanguka. Na sisi tuliamini ahadi ya thawabu bila kupima, tukaituma. Kosa letu lilikuwa moja na la programu, ila programu imekwisha kusasishwa.

Tulimpigia mama yule kumuomba radhi. Akatusamehe, kisha akatuwekea simu karibu na kompyuta ya bintiye tusikilize. Sauti ya marehemu ilikuwa safi, akimuuliza mwanawe kama wajukuu wamekula.