Akiba Yetu Imelala Chini ya Kitanda

Mwenzi wako ameandika riwaya na anataka kuichapa kwa hela zake mwenyewe. Swali ni moja tu: ni zake, au ni zenu?

Saa kumi alfajiri Kahama bado imelala. Bodaboda wa stendi wametulia, mama wa vitumbua hajawasha moto. Ila kwenye nyumba moja ya vyumba viwili taa inawaka. Baba mwenye nyumba kakaa mezani, shuka mabegani, daftari la kaunta mbele yake. Anaandika riwaya. Ataandika mpaka saa kumi na mbili, kisha ataoga, atavaa tai na kwenda kufundisha sekondari. Ndivyo anavyoishi kila siku ya kazi.

Jamaa ni rafiki yangu wa siku nyingi. Mkewe ni muuguzi. Wameniruhusu niandike habari yao mradi nisitaje majina.

Nilipowatembelea, shemeji alinikaribisha kwa michembe na karanga, halafu akaniita chumbani nione kitu. Akainua shuka la kitanda. Chini kulikuwa na maboksi, yamepangwa kama matofali. Ndani yake ni riwaya ya kwanza ya mumewe, nakala mia tano na ushee ambazo bado hazijauzwa.

"Shemeji, haya ndiyo mabati yetu," akaniambia.

Hakuwa anatania. Walikuwa wanajenga, na kuta zilishafika kwenye linta. Hela ya kuezekea ilikuwa tayari benki. Mwalimu akaichukua, akachapa nakala elfu moja, na mkewe akajua siku gari lilipoleta mzigo. Eti alitaka kumfurahisha! Mvua za mwaka ule zikanyeshea kuta, na wenyewe wakakaa miezi mitatu wakisalimiana kama wapangaji.

KWANI ASINGESUBIRI?

Mpenzi msomaji, kabla hujamhukumu, nikupeleke Ukerewe, kisiwani, ng'ambo ya maji kutoka huku kwetu Geita. Huko aliishi mzee Aniceti Kitereza. Mwaka 1945 alimaliza kuandika riwaya kwa Kikerewe, lugha ya nyumbani kwake. Inahusu ndoa ya Myombekere na Bugonoka, wasiojaliwa mtoto. Ndugu wa mume wanamsema vibaya mke mpaka wazazi wake wanakuja kumchukua. Mume anawafuata wakwe, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, na anahangaika mpaka mkewe anarudi. Hadithi ya mapenzi kama zipo!

Unajua kitabu kilitoka lini? Hakuna aliyekuwa tayari kuchapa kitabu kinene cha Kikerewe. Mzee akaketi, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House wakakitoa mwaka 1980, yaani miaka 35 baadaye. Mwaka 1981 akafariki kabla hajakishika kitabu chake mkononi. Leo kinasomwa hata kwa Kiingereza na Kijerumani, ila mwenyewe hakukiona.

Kila mwandishi wa kanda hii anayeijua habari hiyo huwa inamuuma. Ndiyo maana ukimwambia rafiki yangu "subiri wachapishaji", anakutazama kama umemwambia asubiri kufa.

WALIOKATAA KUSUBIRI

Kuna waliochoka kusubiri wakafungua milango yao wenyewe. Elvis Musiba, yule wa Willy Gamba, alianza na mchapishaji mwaka 1974 kwa Kufa na Kupona, lakini baadaye akatoa vitabu kupitia Continental Publishers, kampuni yake mwenyewe. Ben Mtobwa, baba wa Joram Kiango, akaanzisha Heko Publishers, na humo ndimo ilimotoka Dar es Salaam Usiku mwaka 1990. Alipofariki mwaka 2008, kizazi kizima kilikuwa kimejifunza kupenda kusoma kupitia vitabu vyake.

Na kwa mfano wa jirani kabisa, yupo Eric Shigongo wa Buchosa, wilaya ya Sengerema, ukivuka tu kutoka Geita. Hadithi zake zilitoka kipande kwa kipande kwenye magazeti ya kampuni yake, Global Publishers. Wewe uliyekuwa unasoma Uwazi au Ijumaa miaka ya 2000, sema kweli: si ulikuwa unaruka habari zote na kukimbilia ukurasa wa hadithi? Mwaka 2020 watu wa Buchosa wakamchagua kuwa mbunge wao.

Lakini angalia vizuri. Hawa hawakulipia mchapaji wakarudi nyumbani kusubiri wateja. Musiba alikuwa mfanyabiashara, mpaka akaongoza chama cha wafanyabiashara, TCCIA. Mtobwa alikuwa na gazeti. Shigongo alikuwa na magazeti kadhaa, na wasomaji walishamzoea kabla hawajanunua kitabu. Kila mmoja alikuwa na kazi mbili, kuandika na kuuza. Rafiki yangu alijiandaa kwa moja tu.

DUARA LA KARATASI

Sisi wa ukanda wa dhahabu tunaielewa biashara hii haraka kuliko watu wa mjini. Mwenye duara anatoa mtaji kwanza. Analisha wachimbaji, ananunua magogo na kamba, na hajui kama chini kuna mawe ya maana. Dhahabu ikipatikana, mifuko inagawanywa: mwenye eneo ana chake, wachimbaji wana chao, karasha nayo inadai.

Kitabu ni hivyo hivyo. Mchapaji anataka hela mbele. Anakwambia ukichapa nyingi, bei ya nakala moja inashuka, na hapo ndipo wengi wanaponaswa. Kisha duka la vitabu linachukua kwa mali kauli. Vikiuzwa wanakata chao, usipofuatilia na chako kinapotelea humo. Rafiki yangu aligawa nakala karibu mia mbili kwa mali kauli, Shinyanga mjini mpaka Mwanza, bila kuandika popote alimwachia nani ngapi. Hela nyingi iliyorudi ni ile aliyoipata mwenyewe, Jumamosi, begi mgongoni, Katoro na Kakola, akiuza kitabu kimoja kimoja kwa wachimbaji na mama lishe.

"Mchimbaji akiwa na hela hapangi bei," anasema. "Anauliza tu, kuna mapenzi humo?"

WALIVYOPATANA

Usidhani kulikuwa na muujiza. Shemeji alichukua mkopo wa SACCOS wakaezeka, na mwalimu ndiye anayeulipa kwenye mshahara wake mpaka leo. Lakini kilichomlainisha mke si hela. Jioni moja mume alimwekea mezani daftari jipya. Alikuwa amezunguka kwenye maduka yote, ameandika kila deni. Akamwambia, "Nilikuficha hela yako. Sitarudia. Hili daftari likae kwako."

Siku hizi shemeji ndiye anayepiga simu madukani, na wenye maduka wanamwogopa! Tena amekuwa msomaji wa kwanza wa riwaya ya pili. Ya kwanza hakuwahi kuonyeshwa. Ameshachora mistari myekundu kurasa nyingi. "Muuguzi gani anavaa kisigino kirefu zamu ya usiku?" aliandika pembeni. Mwalimu amemvua muuguzi wake viatu.

KABLA HAMJALIPIA

Kama nyumbani kwako yupo mwandishi, au ni wewe mwenyewe, kaeni mezani kwanza:

Taja kiasi. Semeni ni shilingi ngapi mko tayari kupoteza bila nyumba kuyumba. Kama hela ina kazi nyingine, ada au mabati, isiguswe.

Mlipe mhariri kabla ya mchapaji. Makosa yakishachapwa ni yako milele.

Anza na chache. Bei ya nakala itakuwa juu, ndiyo, lakini nakala 200 zilizouzika zina faida kuliko 1,000 zilizolala chini ya kitanda.

Fuata taratibu. Namba ya ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba, Maktaba Kuu ya Taifa. Hakimiliki inasajiliwa COSOTA.

Andika kila mali kauli. Jina la duka, idadi, tarehe, sahihi. Hata kama mwenye duka ni mjomba wako.

Gawaneni saa. Rafiki yangu anaandika alfajiri tu. Jioni ni ya mke na watoto, na daftari la kaunta linabaki kabatini.

Mwisho kabisa, mpe mwenzio asome. Anayekupenda na kukuona kila siku atakutajia uongo ulioandika kabla msomaji hajakutajia.

Maboksi bado yapo chini ya kitanda, ila yamepungua. Wamekubaliana kwamba riwaya ya pili haitakwenda kwa mchapaji mpaka nusu yake iishe. Inamkereketa mwalimu, naona, maana Kitereza bado yumo kichwani mwake. Lakini amekubali.

Asubuhi niliyoondoka, shemeji alikuwa anarudi kutoka zamu ya usiku. Akamkuta mumewe bado mezani. Hakuuliza habari za hela. Alivua viatu, akaweka maji ya chai jikoni, akasema, "Haya, baba watoto, yule muuguzi wetu leo kafikia wapi?"