AKODIANI KUUKUU: BEI YA ULAYA HAIFIKI UJIJI

Ukurasa huu umezoea kuzungumzia dagaa, migebuka, mawese na saruji inayovuka ziwa. Wiki hii tunaweka mizani kando na kutazama bidhaa isiyo na bei ya ubaoni: akodiani kuukuu, yaani kile kinanda cha kifuani cha kuvuta na kusukuma, ambacho wapenzi wa taarabu wengine hukiita kodiani.

Mwenye chombo hicho Kigoma au Ujiji, kiwe ni cha kikundi, cha kwaya au cha urithi, huweza kuambiwa na ndugu aliye ng'ambo kwamba huko kinauzwa mamia ya euro. Ndugu hasemi uongo. Tatizo ni kwamba bei hiyo ni ya chombo kilichokwisha kufika dukani, kikasafishwa, kikarekebishwa sauti na kupewa dhamana. Kati ya duka hilo na Mwanga sokoni kuna reli au barabara ndefu, ndege au meli, forodha mbili na fundi mmoja ghali. Kila mmoja wao hula sehemu yake kabla muuzaji hajaona senti.

Kwanza soko lenyewe. Akodiani nyingi zinazojulikana duniani zilitoka sehemu tatu: Trossingen, Ujerumani, ambako kampuni ya Hohner ilianzishwa 1857, Klingenthal, pia Ujerumani, nyumbani kwa Weltmeister, na Castelfidardo, Italia, ambako Paolo Soprani alianza kazi yake miaka ya 1860. Ulaya ilizitengeneza kwa wingi hadi gitaa la umeme lilipochukua nafasi yake kuanzia miaka ya 1960. Tangu hapo maelfu yamelala darini na kwenye makabati ya wazee, na warithi wao wanayauza. Kumpelekea Mjerumani akodiani ya kawaida kutoka Ujiji ni kupeleka mchanga ufukweni. Chombo kinachoweza kubeba gharama za safari ni kile cha daraja la juu, kwa kawaida cha Italia, chenye ndimi zilizotengenezwa kwa mkono, na ambacho bado ni kizima. Hicho ni adimu popote, si Kigoma tu.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Akodiani kubwa ya vitufe 120 vya besi huwa na kilo 10 hadi 12. Ikiwa ndani ya sanduku lake, na sanduku hilo ndani ya boksi la nje lenye sponji, tuseme mzigo wote unafika kilo 16. Muuzaji huuliza nauli ya kilo 16. Wakala wa ndege hamtozi kwa kilo 16. Hupima urefu, upana na kimo kwa sentimita, huzidisha, kisha hugawa kwa 5,000 kwa makampuni ya vifurushi vya haraka, au kwa 6,000 kwa mizigo ya kawaida ya ndege. Boksi la sentimita 65 kwa 60 kwa 40 linatoa kilo 31.2 kwa njia ya kwanza na kilo 26 kwa njia ya pili. Uzito utakaokuwa mkubwa kati ya ule wa mizani na ule wa vipimo ndio unaolipiwa. Akodiani imejaa hewa, na hewa hiyo inalipiwa nauli.

Tuchukue mfano tu, si bei ya wakala yeyote: mnunuzi wa Ujerumani ameahidi euro 400, na nauli ni euro 8 kwa kilo. Kwa kilo 31 nauli ni euro 248. Mzigo ukifika, kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 19 hutozwa juu ya bei pamoja na nauli, yaani juu ya euro 648, nayo ni kama euro 123. Bado ushuru wa forodha na ada ya wakala wa kule. Mnunuzi amekwisha kupita euro 770 kwa chombo ambacho hajakigusa. Yeye si mjinga; atamwambia muuzaji abebe nauli. Muuzaji akikubali amebaki na euro 152, na hajalipa fundi wa boksi wala usafiri wa Dar es Salaam. Wanaokumbuka kwamba zamani vifurushi vidogo vilipita Ulaya bila kodi hiyo wajue msamaha huo uliondolewa 1 Julai 2021. Marekani nayo, kuanzia 29 Agosti 2025, ilisitisha msamaha wa ushuru kwa mizigo isiyozidi dola 800.

Njia ya posta hugharimu tofauti, lakini ina mipaka yake. Kwa kanuni za posta za kimataifa kifurushi cha kawaida huishia kilo 20, ingawa nchi nyingine hupokea zaidi. Akodiani ya vitufe 120 inaweza kuingia humo kwa taabu. Ile ndogo ya vitufe 48 au 72 haina shida. Fomu ya forodha ni CN 23, na ijazwe kwa ukweli: akodiani iliyotumika, mahali ilipotengenezwa, thamani, uzito. Katika orodha ya ushuru inayotumiwa duniani chombo hiki kiko fungu la 92.05 pamoja na tarumbeta. Kuandika "zawadi" wakati mnunuzi amelipa ni kujitafutia balaa, na fidia ya mzigo uliopotea haiwezi kuzidi thamani uliyoiandika mwenyewe.

Kuhusu kufungasha, Kigoma ina somo lake lililoko majini. Meli ya MV Liemba ilijengwa Papenburg, Ujerumani, 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikapakiwa katika masanduku yapatayo 5,000 hadi Dar es Salaam, ikaletwa kwa reli na kuunganishwa hapa hapa, kisha ikashushwa ziwani 1915. Chuma huvumilia safari ya namna hiyo. Akodiani haivumilii. Ndani yake kuna mamia ya ndimi nyembamba za chuma ambazo kwa kawaida zimeshikizwa kwa nta iliyochanganywa na utomvu, na kila ulimi una kipande cha ngozi au plastiki cha kuzuia hewa. Nta ya nyuki huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi, na huanza kulainika mapema zaidi. Kontena la chuma likisimama juani Dar es Salaam huwa tanuri. Chombo kilichoondoka Kigoma kinaimba kinaweza kufika na ndimi zimedondoka ndani kama meno ya mtoto, na mnunuzi atadai aliuziwa kibovu.

Kwa hiyo mvukuto ufungwe kwa mikanda yake, kitambaa laini kiwekwe juu ya vibao vya kubonyeza, na chombo kisimame kwenye miguu yake, kisilazwe, ili zile ngozi zisilegee na kupinda. Vifuko vya kunyonya unyevu viwekwe ndani. Boksi la nje liwe la karatasi ngumu tabaka mbili au la plaiwudi. Mafundi wetu wa seremala hupenda kutengeneza kreti ya mbao nzito. Kreti hiyo huongeza kilo, na pia mbao ghafi za kufungashia zinazovuka mipaka hutakiwa kuwa zimepashwa joto na kupigwa mhuri wa kimataifa wa ISPM 15. Bila mhuri mzigo unaweza kuzuiwa au kurudishwa. Plaiwudi haihitaji mhuri huo.

Fedha nazo zina mitego. Ujanja ulio maarufu ni wa mnunuzi asiyebishana bei, anayetuma picha ya hati ya benki yenye kiasi kikubwa kuliko mlichokubaliana, kisha anaomba ziada hiyo apelekewe "wakala wake wa usafirishaji". Hati ni ya bandia, na ziada inayotumwa ni fedha halisi ya muuzaji. Fedha iwe imeingia kwenye akaunti na benki iwe imethibitisha, ndipo boksi lifungwe.

Mtazamo wetu ni kwamba soko la kwanza la akodiani ya Ujiji ni Unguja. Taarabu ya kule, ya Nadi Ikhwan Safaa iliyoanzishwa 1905 na ya Culture Musical Club, hutumia akodiani pamoja na fidla, udi na ganuni, na hewa ya chumvi ya bahari haina huruma kwa ndimi za chuma. Mzigo unakwenda Dar es Salaam kwa treni, kilomita zipatazo 1,250, au kwa basi, kisha boti. Hautoki nje ya nchi, hautozwi kodi ya Ulaya, na mnunuzi anaweza kuujaribu mbele ya mjumbe wako. Bei itakuwa chini ya ile ya dukani Ulaya, lakini kitakachobaki mkononi huenda kikawa kikubwa zaidi.

Ng'ambo ya ziwa nako kusisahauliwe. Kongo ilimtoa Camille Feruzi, mpigaji mashuhuri wa akodiani, na sauti ya chombo hiki si ngeni huko. Hata hivyo, Jumuiya ya Afrika Mashariki haitoi hati ya asili kwa kinanda cha Italia, kwa hiyo mnunuzi wa Burundi au Kongo asiahidiwe kuingiza bila ushuru kwa hati hiyo. Na tangu Bukavu ilipotekwa na M23 Februari 2025, mali ya mkopo kuelekea Kivu Kusini si biashara ya kupendekezwa.

Popote inapouzwa, ipimwe kwanza. Fungua mkanda wa mvukuto, kiinue chombo kwa upande mmoja bila kubonyeza kitu. Mvukuto ukiporomoka upesi hewa inavuja. Bonyeza kila sauti ukivuta, kisha ukisukuma, maana ni ndimi mbili tofauti. Rekodi hayo yote kwa simu, pamoja na sauti mbovu, umtumie mnunuzi kabla ya kupatana bei. Na usiuze kwa pupa katika miezi ambayo fedha imekauka, kama ilivyokuwa ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kati ya 15 Mei na 15 Agosti 2024. Akodiani haiozi kama samaki.

Lililobaki ni umiliki. Chombo cha kwaya au cha kikundi kisiuzwe na mtu anayekitunza nyumbani kwake peke yake. Uwepo muhtasari wa kikao uliotiwa saini, wenye jina la chombo, namba yake ikiwa inasomeka, na bei ya chini iliyokubaliwa. Nakala moja isafiri na mzigo hadi Dar es Salaam, kwani mnunuzi wa Unguja naye ana haki ya kuiomba.