Ugomvi wa Wazazi Mbele ya Kamera

Huko Masoro, katika Wilaya ya Gasabo jijini Kigali, ambako viwanda vya Eneo Maalumu la Kiuchumi vimekuwa majirani wa Chuo Kikuu cha Waadventista, hapahitajiki jumba la sinema ili watu watazame maisha ya wakwasi. Simu ya mkononi yatosha, na mtoto hutazama begani kwa mama yake.

Miongoni mwa vipindi vinavyotazamwa hivyo ni Young, Famous & African, uliopigwa picha Johannesburg na kuanza kuonyeshwa na Netflix tarehe 18 Machi 2022. Huo si mchezo wa kuigiza. Washiriki hutumia majina yao halisi na kuzozana kwa mambo yao halisi, ijapokuwa watayarishaji ndio waamuao lipi libaki na lipi likatwe. Na ni nadra mno amani kuponea mkasi huo.

Wawili kati yao hawahitaji kuelezwa katika Afrika ya Mashariki: Diamond Platnumz, mwimbaji wa Tanzania, na Zari Hassan wa Uganda. Walijaaliwa binti mwezi Agosti 2015 na mwana mwezi Desemba 2016. Tarehe 14 Februari 2018 Zari alitangaza hadharani kwamba wameachana. Watoto wakabaki na mama yao Afrika Kusini, baba akiendelea na kazi yake Dar es Salaam.

Katika mfululizo wa pili, uliotoka Mei 2023, aliingia Fantana, mwimbaji wa Ghana. Ukaribu wake na Diamond, pamoja na busu lililoonekana na dunia nzima, ulimchoma Zari. Kwake yeye hilo lilikuwa suala la heshima: huyu ni baba wa wanawe, na mambo hayo yalitendeka katika kundi wanamokaa pamoja. Maneno makali yakatupwa. Hata hivyo upande wa Fantana nao una hoja, kwani Diamond hakuwa mume wa mtu, na Zari mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza maisha mapya na Shakib Lutaaya. Ajabu ni kwamba aliyeanzisha moto, yaani mwanamume, ndiye aliyelaumiwa kidogo kuliko wote.

Jambo hili haliko mbali na nyumba ya askari. Tangu Julai 2021 majeshi na polisi wa Rwanda wamekuwa kazini Cabo Delgado, Msumbiji, na si wao tu wanaolea watoto kwa simu. Baba aliye mbali hujulikana kwa wanawe kupitia kinywa cha mama, na mama vivyo hivyo kupitia kinywa cha baba. Neno la hasira husahauliwa na aliyelisema, lakini mtoto hulihifadhi. Walau katika nyumba ya kawaida hakuna wa kulirudia siku ya pili.

Kwa watoto wa Diamond na Zari hali ni nyingine. Ugomvi ule ulipoonyeshwa, binti yao alikuwa na miaka 7, umri wa kusoma na kuuliza. Mfululizo wa tatu ulitoka tarehe 17 Januari 2025, safari hii Shakib, mume wa Zari, naye akiwa ndani ya mzozo, na filamu zote tatu zimehifadhiwa mahali ambapo mtoto anaweza kuzifungua siku yoyote apendayo.