Pikipiki isiyo na cc

Kinachonisumbua ni kibati kidogo chini ya tandiko. Kimebandikwa kwenye baiskeli ya umeme niliyoikuta imelazwa ubavu kwa fundi mmoja wa Somanda, mjini Bariadi. Kimeandikwa volti 48, wati 1,000. Cc hakuna. Fundi alikipangusa kwa kitambaa chenye grisi, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi, akauliza: sasa hii tuiite nini?

Si swali la utani. Leseni zetu za pikipiki zimepangwa kwa cc: A3 kwa zisizozidi 50, A1 kwa zisizozidi 125, A kwa zaidi ya hapo. Sheria mama ya Usalama Barabarani ni ya 1973. Kadi ya usajili nayo inataka ujazo wa injini. Ujazo upi, wa mota iliyojificha ndani ya habu ya gurudumu la nyuma? Trafiki niliyemuuliza naye akaniuliza ni cc ngapi.

Ulaya wamekata shauri: mota isiyozidi wati 250, inayomsaidia anayepiga pedali na kuacha kusukuma ikifika kilomita 25 kwa saa, ni baiskeli, haidai leseni. Hii ya Somanda ni mara nne ya hapo. Pedali zake, anasema fundi, ni urembo, mwenyewe hazigusi.

Fundi halii na leseni. Analia na breki. Alichomoa mpira wa breki ya mbele, umelika hadi chuma kinaonekana. Fremu na breki ni za baiskeli, anasema, kisha zinabebeshwa betri, mota na mzigo. Kwenye mteremko breki hizo zinabembeleza tu. Tena haina mlio. Ng'ombe wa barabara ya Lamadi wakisikia bodaboda husogea, hii inawakuta mgongoni. Watoto vilevile.

Angeshika kalamu yeye, angeanza na breki za diski, taa na helmeti, karatasi zifuate. Nakubaliana naye nusu. Breki nzuri haimfundishi mtu kuingia barabara kuu.

Ila mwenye chombo hiki hupeleka maziwa migahawani alfajiri, na alikinunua kukimbia bei ya petroli. Akidaiwa ada ya chuo cha udereva, leseni na bima, atabaki nacho, au atarudi kwenye baiskeli yake ya zamani? Na anayemgonga mtu leo, bila bima, nani anamlipa majeruhi?