Baba Anachoka Kila Siku: Damu Itatuambia Nini?

Mwezi huu tunapenda kuzungumza na akina baba, hasa waliovuka miaka 40, pamoja na akina mama na watoto wanaoishi nao. Jambo lenyewe ni uchovu usiokwisha. Hatusemi uchovu wa mtu aliyeshinda akipakua mizigo Kurasini, au aliyesimama ndani ya daladala kutoka Mbagala hadi Kariakoo. Huo huisha mtu akila na kulala. Tunasema uchovu ambao mtu huamka nao asubuhi, ukaendelea wiki tatu, mwezi, hata miezi mitatu, mpaka kubeba ndoo moja ya maji kukawa kazi nzito.

Katika mitaa yetu ya Temeke, baba mwenye hali hiyo hupita njia ambayo wengi tunaifahamu. Kwanza husema, "Ni umri tu." Akizidiwa huenda duka la dawa na kununua dawa ya malaria bila kupimwa. Wiki inayofuata ni dawa ya homa ya matumbo. Kisha vitamini, kisha chupa ya dawa ya kuongeza damu, na mwishowe mitishamba ya kurudisha nguvu za kiume ambayo matangazo yake yamebandikwa kwenye nguzo za umeme. Miezi sita imepita, fedha za ada ya watoto zimekwenda, na bado hakuna anayejua baba anaumwa nini.

Kupima damu kunaweza kukata mzunguko huo. Lakini ni vema tufahamu mambo mawili tangu mwanzo. Kipimo hujibu swali lile tu lililoulizwa. Na jibu la kwamba "damu imepungua" si jina la ugonjwa. Ni dalili, na chanzo chake lazima kitafutwe.

Mazungumzo kabla ya sindano

Wengi wetu tukifika zahanati husema, "Daktari, nipime kila kitu." Hakuna kipimo cha kila kitu. Daktari huchagua vipimo kutokana na maelezo ya mgonjwa, kwa hiyo maelezo yakiwa pungufu, hata vipimo vitakuwa pungufu.

Baba ajiandae kueleza: Uchovu ulianza lini? Je, suruali zimelegea kiunoni? Anakunywa maji mno na kuamka usiku kukojoa mara nyingi? Ana kikohozi cha wiki mbili au zaidi, au hutokwa na jasho jingi usiku? Choo chake ni cheusi kama lami, au kina damu? Mkojo je? Anakunywa pombe kiasi gani? Anatumia dawa gani, zikiwemo za mitishamba na zile za kutuliza maumivu ya mgongo? Analala saa ngapi, na je, hukoroma sana?

Tunajua akina baba wengi huona haya kueleza habari za choo au za unyumba. Lakini mganga amesikia mengi kuliko hayo. Mama anaweza kumsindikiza, maana mara nyingi yeye ndiye aliyeona mabadiliko kwanza. Kabla ya damu kutolewa, mgonjwa apimwe pia uzito na shinikizo la damu.

Vipimo vya mwanzo

Kwanza ni picha kamili ya damu. Kipimo hiki huhesabu chembe za damu na kuonyesha kiasi cha himoglobini, yaani ile rangi nyekundu inayobeba hewa ya oksijeni kutoka mapafuni kwenda mwili mzima. Kwa mwanamume mzima, Shirika la Afya Duniani husema damu imepungua himoglobini ikiwa chini ya gramu 13 katika desilita moja. Ikiwa chini ya 8, upungufu ni mkali. Oksijeni ikiwa kidogo, misuli na ubongo hukosa nguvu, na moyo hulazimika kwenda mbio. Ndiyo maana mtu huhema akitembea hatua chache.

Kipimo hicho huonyesha pia ukubwa wa chembe nyekundu. Chembe zikiwa ndogo kuliko kawaida, mara nyingi mwili umepungukiwa na madini ya chuma. Zikiwa kubwa kupita kiasi, daktari hufikiria ukosefu wa vitamini B12 au foliki asidi, au unywaji wa pombe wa muda mrefu.

Pili ni sukari. Utafiti uliofanywa katika vijiji sita vya Tanzania na kuchapishwa mwaka 1989 ulikuta watu wenye kisukari ni chini ya 1 kati ya 100. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wenye umri wa miaka 25 hadi 64, ulikuta wapata 9 kati ya 100. Tafiti hizo hazikufanywa kwa namna moja, hata hivyo zinaonyesha kwamba ugonjwa huu si wa matajiri tena. Sukari ikipimwa kabla ya kula, na ikawa milimoli 7 au zaidi kwa lita, huashiria kisukari, na kipimo hurudiwa kuhakikisha. Kipo pia kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa takriban miezi mitatu, kwa sababu chembe nyekundu huishi siku zipatazo 120. Mtu mwenye upungufu wa damu au selimundu amweleze daktari, maana kwake kipimo hicho chaweza kupotosha.

Tatu ni VVU. Tusikwepe kipimo hiki kwa kudhani ni cha vijana. Hapa kwetu Temeke, shirika la PASADA la Jimbo Kuu la Dar es Salaam lilianza kazi Chang'ombe mwaka 1992, wakati ambapo hapakuwa na dawa za kutosha wala matumaini. Leo hali ni tofauti. Dawa za kufubaza virusi hutolewa bure, na tangu mwaka 2016 utaratibu wa nchi ni kwamba anayegundulika huanzishiwa dawa bila kusubiri azidiwe.

Nne ni figo na ini. Figo zilizochoka, hasa kwa mwenye shinikizo la damu au kisukari, hushindwa kutoa kichocheo kinachouamsha mwili kutengeneza damu. Hivyo mtu huweza kuwa na damu kidogo ilhali ugonjwa uko kwenye figo. Ini nalo huweza kuharibiwa na pombe au na virusi vya homa ya ini.

Daktari akiona sababu, ataongeza kipimo cha tezi ya shingo, ambayo ikizembea humfanya mtu awe mzito, aone baridi na kusinzia. Na kama kuna homa, atapima malaria kwa kipimo cha haraka au kwa darubini. Tusiilaumu malaria kwa kila kitu. Utafiti wa watoto 1,005 wenye homa katika Dar es Salaam na Ifakara, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba malaria ilikuwa kwa mtoto mmoja hivi katika kila kumi. Kama homa yenyewe mara nyingi si malaria, uchovu wa miezi mitatu usio na homa uitwe malaria kwa sababu gani?

Damu imekwenda wapi?

Sasa tufike penye hatari. Tuchukue mfano wa baba wa miaka 52 ambaye himoglobini yake ni 9 na chembe zake ni ndogo. Anapewa vidonge vya madini ya chuma, anashauriwa ale maini na mboga za majani, anarudi nyumbani. Baada ya wiki sita damu imepanda, na wote wanafurahi. Je, kazi imekwisha?

Haijaisha. Mwanamke wa umri wa kuzaa hupoteza damu kila mwezi, na tena wakati wa kujifungua. Mwanamume hana njia hiyo. Akipungukiwa na madini ya chuma, mara nyingi damu inavuja mahali fulani taratibu, bila yeye kuiona. Kumpa vidonge tu ni sawa na kujaza maji kwenye pipa lililotoboka.

Mahali pa kutafuta ni hapa. Vidonda vya tumbo ni sababu ya kawaida. Wabeba mizigo, madereva na mafundi wengi humeza diklofenaki au aspirini kila siku kwa ajili ya mgongo na magoti, na dawa hizo huweza kuchubua tumbo na kulitoa damu. Minyoo ya safura, inayoingia kwa kupenya ngozi ya miguu pekupeku, hunyonya damu ndani ya utumbo. Aliyekulia au anayelima sehemu zenye kichocho aweza kupoteza damu kwenye mkojo. Bawasiri nayo hutoa damu, lakini tusiisingizie kabla ya kupimwa. Na mwisho, saratani ya tumbo au ya utumbo mpana huweza kuvuja damu kwa miezi mingi kabla ya kuleta maumivu.

Hiyo ya mwisho ndiyo sababu ya kusisitiza. Vidonge vya chuma huweza kupandisha damu kwa muda huku uvimbe ukiendelea kukua, na ukigunduliwa mapema tiba huwa na nafasi nzuri zaidi. Kwa hiyo vidonge vitumike kama daktari alivyoagiza, lakini baba aulize swali hili: "Damu yangu imepungua kwa sababu gani?" Huenda akahitaji kupimwa choo na mkojo, na pengine kuangaliwa tumbo kwa mpira wenye kamera katika hospitali kubwa. Tukumbuke pia kwamba vidonge vya chuma hugeuza choo kuwa cheusi. Daktari aelezwe choo kilikuwaje kabla ya kuvianza.

Yasiyoonekana kwenye damu

Kifua kikuu hupimwa hasa kwa makohozi. Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani lilionya kwamba vipimo vya damu vilivyokuwa vikiuzwa kutambua kifua kikuu hutoa majibu ya uongo na visitumike. Matibabu ya kifua kikuu ni bure. Vilevile kipimo kimoja cha damu cha homa ya matumbo hakitoshi kuthibitisha ugonjwa huo, maana huweza kuonyesha alama za maambukizo ya zamani.

Kuna pia mambo ambayo maabara haina chupa yake: usingizi uliokatwa na zamu za usiku, kukoroma kunakokata pumzi, madeni, msiba, na sonona, yaani huzuni nzito inayomwondolea mtu hamu ya kila kitu. Watu wengi wenye uchovu hupata majibu mazuri ya damu. Hiyo haina maana kwamba wanajifanya wagonjwa. Warudi kwa daktari na majibu yao, mazungumzo yaendelee.

Hofu ya kutolewa damu

Wazee wa Dar es Salaam wanazikumbuka hadithi za mumiani, watu waliosemekana kunyonya damu za wenzao. Mwaka 1959 uvumi huo ulizusha ghasia Buguruni. Hofu ya namna hiyo haijaisha kabisa. Tujue basi kwamba chupa moja ndogo ya maabara huchukua kama kijiko cha chai, wakati mwili wa mwanamume mzima una damu ipatayo lita tano. Chupa mbili au tatu hazimpunguzii mtu nguvu.

Siku ya kupima

Kama ni sukari ya kabla ya kula, baba asile chochote kwa saa nane. Maji matupu yanaruhusiwa. Aende na orodha ya dawa zake na majibu ya zamani, na aombe majibu mapya kwa maandishi ayatunze.

Tuanzie zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Vipimo visivyopatikana hapo vitatafutwa katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Temeke, na ikibidi Muhimbili. Lakini anayetapika damu, mwenye choo cheusi kama lami, maumivu ya kifua, au anayehema hata akiwa ameketi, asisubiri zamu ya zahanati. Apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Kwa chakula, dagaa, maharage, maini, kisamvu na matembele ni vitu vya sokoni kwetu Tandika vinavyosaidia kujenga damu. Chungwa au embe pamoja na mlo husaidia mwili kupokea madini ya chuma ya mboga, lakini chai huyazuia. Basi chai inywewe saa moja au mbili baada ya kula. Na akina mama, kama baba amechoka tangu mwezi uliopita na bado anasema ni umri tu, mwulizeni leo jioni ni lini mara ya mwisho alipimwa damu, na mpange naye siku ya kwenda.